Kunywa Kinyume cha Tasnifu

Nchi hii haipo, naapa. Imetafutwa kwenye ramani ikakosekana, na wewe msomaji ukihisi umewahi kulipa kodi humo, nenda ukapimwe macho. Inaitwa Jamhuri ya Taratibu. Wageni wengine hudhani jina hilo lina maana ya nchi inayokwenda polepole, wengine hudhani ni nchi yenye kanuni nyingi. Wenyeji huwacheka wote, kwa kuwa kwao hayo si mambo mawili.

Katika Taratibu jambo haliwi kweli kwa sababu tu limetokea. Linakuwa kweli likishaandikwa katika tasnifu, tasnifu ikatetewa, na Chuo Kikuu cha Taifa kikaipitisha. Sheria hiyo ilitungwa kwa nia njema kabisa, baada ya wananchi fulani kuanza kusema ovyo ovyo kwamba wana njaa.

Sikitu Mwaseba, mwalimu wa kemia, alizaliwa Ikwavila, kijiji cha bara kavu ambako mvua hupita juu kwa juu kama mgeni wa jirani. Serikali iliwahurumia watu wa Ikwavila ikawachimbia kisima. Waziri alikuja mwenyewe kukizindua. Alikata utepe, akapiga pampu, akainua glasi ya maji yale juu apigwe picha, kisha akaiweka chini akanywa maji ya chupa aliyokuja nayo. Wanakijiji walipiga makofi. Hawakujua kwamba katika yote aliyoyafanya siku ile, hilo la chupa ndilo lililokuwa la maana.

Watoto waliozaliwa baada ya kisima waliota meno ya kahawia. Watu wazima wakasema ni sukari hiyo, ingawa sukari yenyewe Ikwavila ilionekana Krismasi tu. Kisha miguu ya watoto ikaanza kupinda, mmoja baada ya mwingine, kuanzia magotini. Sikitu alichota maji, akayapima katika maabara ya shule, akakuta madini yanayoitwa floraidi yamejaa kupita kiasi. Hayana rangi wala harufu, lakini huingia kwenye mifupa ya mtoto na kuiharibu.

Alimkimbilia dada yake, Atupele, aliyekuwa na binti mdogo aitwaye Tusa.

"Dada, msinywe yale maji."

"Nimekusikia, mdogo wangu," Atupele akasema. "Sasa tunywe nini?"

Sikitu akatazama mto. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Akaenda Ofisi ya Maji ya wilaya na vipimo vyake mkononi, na afisa akavisoma kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Dada yangu, hili ni kweli kabisa," akasema. "Ila si kweli bado. Nenda Chuo Kikuu, usome uzamili wa sayansi, uandike tasnifu. Ikipita tu, sisi hapa tutatekeleza kila neno lililomo. Kila neno! Hatutaruka hata nukta."

Wakati huo Tusa ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Alikuwa akishika ukuta, akiachia, akianguka, akicheka. Miguu yake ilikuwa imenyooka. Sikitu alimbeba, akamshika yale mashavu ya miguu, akamwambia dada yake: "Nitarudi na karatasi yao kabla miguu hii haijapinda." Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Ndiyo maana ahadi ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Chuo Kikuu cha Taifa kilikuwa na Mkurugenzi wa Masharti, mtu mfupi, nadhifu, aliyetembea na kanuni kichwani hata wanafunzi wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Dakta Kifungu. Yeye mwenyewe alilipenda, akalichapisha mlangoni.

"Shikamoo, Dakta. Nimekuja kusoma uzamili."

"Marahaba. Kusoma ulimaliza kwenye shahada ya kwanza," akasema Dakta Kifungu. "Hapa tunazama. Uzamili, binti. Lisikilize neno. Baraza la Lugha lilikaa hotelini msimu mzima likilichunguza, likarudi na ripoti kwamba limetokana na kuzama. Mzamili huzama, akaona kilichopo chini, akarudi kusema ameona nini. Basi. Mzamivu, yule wa udaktari, huyo ndiye anayezama akatoka na kitu mkononi. Usije ukachanganya, maana kuna waliochanganya na hawajaonekana tena kwenye orodha ya wahitimu."

"Sawa, Dakta. Mimi nataka kuandika kuhusu maji."

"Utaandika. Kwanza uzame."

Kwa hiyo kozi ya lazima kwa kila mzamili wa sayansi, awe wa nyota, wa mawe au wa magonjwa ya migomba, ilikuwa Kuzama ya Kwanza. Ilifundishwa katika bwawa la kuogelea la Chuo. Bwawa lilikuwepo. Maji hayakuwepo, wala hayajawahi kuwepo, kwa kuwa fungu la bwawa na fungu la maji yalitoka wizara mbili zisizosalimiana.

Sharti la kuingia Kuzama lilikuwa uwe umefaulu Kuelea. Sharti la kuingia Kuelea lilikuwa uwe umefaulu Kuzama, kwani hawezi kuelea mtu asiyejua anaelea juu ya nini. Sikitu alirudi ofisini kuuliza aanzie wapi.

"Umenisikitisha," akasema Dakta Kifungu. "Sharti la awali linaitwa la awali kwa sababu linakuja kabla. Kuelea kunakuja kabla ya Kuzama, na Kuzama kunakuja kabla ya Kuelea. Unaona ugumu uko wapi?"

"Ndiyo, naona."

"Ungekuwa umezama usingeuona."

Lakini Chuo hakikuwa na roho mbaya. Kilikuwa na kifungu cha huruma. Wanafunzi waliandikishwa kozi zote mbili saa ileile, na mahudhurio yakachukuliwa kwa mguu: mguu wa kulia ulihudhuria Kuelea ukiwa juu ya ukingo wa bwawa, wa kushoto ukahudhuria Kuzama ukining'inia ndani. Muhula mzima Sikitu alisoma hivyo juani, kiuno kikilia. Siku ya mtihani walilazwa kifudifudi kwenye sakafu ya saruji chini ya bwawa kavu, wakaamriwa kubana pumzi mpaka filimbi. Kijana mmoja wa fizikia aliuliza kama kweli hili ni kuzama. Mwalimu akamjibu kwamba maji ni mafunzo kwa vitendo, na mafunzo kwa vitendo yalifutwa mwaka uliotangulia. Kijana akapewa alama sifuri kwa kosa la kufungua mdomo akiwa chini ya maji.

Sikitu alifaulu. Somo la kemia ya maji lenyewe halikufundishwa. Lilikuwa la hiari, na hiari iliombewa kibali.

*

Akapangiwa msimamizi wa tasnifu, Profesa Mwailunda. Hapo napo Baraza la Lugha lilikuwa limepita. Msimamizi, walisema, ni mtu aliyesimama. Akikaa kitini si msimamizi tena, na ushauri wowote atakaoutoa akiwa amekaa ni maongezi tu. Profesa alikuwa na jongo. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi, na hakuweza kusimama zaidi ya muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Hivyo ndivyo usimamizi wake ulivyopimwa.

"Haya, nimesimama, sema haraka," angesema, ameshika meza, jasho linamtoka.

"Profesa, sura ya pili..."

"Pambizo ya kushoto ya ukurasa imepungua. Ongeza. Na hii sentensi, 'Maji hulowesha', nani amesema?"

"Profesa, maji si yanalowesha tu?"

"Weka marejeo! Kila sentensi iwe na marejeo ya mtu aliyeisema kabla yako. Na kila sentensi iwe mpya, haijasemwa na mtu yeyote. Uuwi, mguu wangu." Akakaa. Usimamizi umekwisha kwa wiki ile.

Profesa alikuwa na desturi ya kuziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka au kupiga miayo. Wanafunzi walidhani ni adabu. Siku moja jongo lilimkamata vibaya, akapiga yowe kiganja kikiwa mbali, Sikitu akaona. Meno yote ya mbele yalikuwa ya kahawia, yamelika vidoa vidoa. Aliyajua meno yale. Aliyaona kila siku kwa wanafunzi wake.

"Profesa," akasema polepole, "kwenu wapi?"

Mzee alikuwa amekaa, kwa hiyo yalikuwa maongezi tu, na labda ndiyo maana alijibu. "Ng'ambo ya mlima wenu. Sisi kwetu ni chemchemi, nyinyi kwenu ni kisima. Floraidi ni ileile. Mdogo wangu alikufa anatembea kwa magoti."

"Basi kumbe unajua! Miaka yote unajua! Kwa nini hukuandika?"

"Niliandika nikiwa kijana. Sikupata marejeo, nikakataa kukata yasiyo nayo, ikatupwa." Akaziba mdomo tena. "Nikiandika sasa, yako itakuwa nakala na hutapita. Nikinyamaza, yako itakuwa mpya. Nakusaidia kwa kunyamaza, binti yangu. Ni msaada mkubwa nilionao."

Sikitu alitaka kumchukia mzee yule, na alimchukia kweli mpaka alipofika mlangoni. Kisha akarudi akamwinulia mguu juu ya kigoda.

*

Tasnifu iliandikwa. Ikarudishwa kwa sababu ya pambizo. Ikaandikwa tena, ikarudishwa kwa sababu pambizo zilikuwa sawa mno, jambo lililoleta shaka. Ikarudi mara ya tatu na Dakta Kifungu ameandika juu kwa wino mwekundu: *Kitu kilichozinduliwa na Waziri hakina madhara. Tafadhali tafuta madhara katika kitu ambacho hakijazinduliwa.*

Hapo ikakaa. Mvua zilikuja zikapita juu ya Ikwavila, zikaja tena. Sikitu alikuwa akimpigia dada yake simu kila Jumapili, akiogopa kuuliza na akiogopa kutouliza.

"Tusa hajambo?"

"Hajambo. Anakimbia kama mbuzi. Na wewe, umeshazama?"

"Dada, usinitanie."

"Nikutanie nini? Wewe zama huko, sisi huku tunakunywa." Halafu Jumapili moja Atupele hakutania. Sikitu alisikia kuku wanalia nyuma ya simu. "Leo asubuhi Tusa alisimama mlangoni, jua limechomoza nyuma yake," Atupele akasema. "Nimeona mwanga, Sikitu. Katikati ya magoti. Zamani palikuwa hapapiti mwanga."

Sikitu aliketi kwenye ngazi za maktaba akalia waziwazi, kamasi na machozi, mbele za watu. Mlinzi akamwendea akamwarifu kwamba kilio kina eneo lake nyuma ya bweni.

Kilichomwokoa hakikuwa sayansi. Yule Waziri aliyezindua kisima alipiga chafya wakati Rais anahutubia, akafutwa kazi kabla hotuba haijaisha. Waziri mpya akatangaza kwamba atafuatilia uozo wote ulioachwa na mtangulizi wake. Asubuhi iliyofuata Dakta Kifungu alimwita Sikitu mwenyewe, akamvutia kiti.

"Ile tasnifu yako nzuri ya madhara iko wapi? Mbona unaichelewesha? Taifa linasubiri!"

*

Siku ya utetezi Sikitu alimwomba Atupele aje mjini na Tusa. Aliwaza: vipimo watavibishia, lakini mtoto watambishiaje? Jopo lilikaa mezani, Dakta Kifungu katikati kama mwenyekiti. Profesa Mwailunda alisimama pembeni, amekunja mguu mmoja.

Sikitu alieleza yote, jedwali kwa jedwali. Mwisho akasema, "Waheshimiwa, naomba niwaonyeshe," akampa Tusa ishara. Mtoto akatembea kutoka mlangoni hadi mezani, akiyumba kulia na kushoto, miguu imepinda kama upinde, anatabasamu kwa haya na meno yake ya kahawia. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama kuna mtu atasema jambo la kibinadamu.

"Mtoto huyu," akasema Dakta Kifungu, akipanguza miwani, "amechapishwa wapi?"

"Hajachapishwa, Dakta. Amezaliwa."

"Basi hawezi kurejelewa. Mtoeni kwenye ushahidi. Mpeni biskuti." Akafunua kurasa. "Vipimo vimenukuliwa vizuri. Pambizo nzuri. Ila hii hapa mwishoni ni nini? 'Mapendekezo: bomba livutwe kutoka chemchemi safi ya Lwangu, na kisima kisifungwe kabla maji mengine hayajafika.' Umeona unavyotaka kutuharibia kazi?"

"Hilo ndilo suluhisho, Dakta."

"Ndilo kosa! Wewe ni mzamili. Mzamili huzama, huona, husema alichoona. Hapa umetoka na bomba mkononi! Bomba ni la mzamivu. Tatizo ni uzamili, suluhisho ni uzamivu. Tukianza kuwapa watu suluhisho kwenye shahada ya pili, ya tatu watasomea nini?" Wajumbe wakacheka kidogo, kwa heshima. "Sura hii itoke yote. Ibaki sentensi moja: 'Maji haya hayafai kunywewa na binadamu.' Ukikubali, umepita sasa hivi. Ukikataa, jopo litakutana tena mjumbe wetu atakaporudi kutoka masomoni."

"Atarudi lini?"

"Akimaliza uzamivu wake."

Sikitu akamtazama msimamizi wake. Mzee alikuwa amesimama bado, ametua mguu ule mbovu sakafuni sasa, uso umekunjamana kwa maumivu, na hakukaa. "Kata, binti yangu," akanong'ona. "Mimi sikukata, unaniona nilipo. Pita kwanza. Mengine yatafuata."

Nyuma, Tusa alikuwa amekaa chini anakula biskuti, miguu ameitanua mbele yake, haikutani. Sikitu akaichana ile sura kwa mkono wake mwenyewe.

Atupele alipiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka. Hakuwa ameelewa kilichochanwa. Alielewa tu kwamba mdogo wake amepita.

*

Ofisi ya Maji ilitekeleza, na hapo ndipo ulimwengu ulipoona kwamba Taratibu inaweza kwenda mbio ikitaka. Kabla ya wino kukauka, Waziri mpya alikuwa Ikwavila na bendi ya tarumbeta. Pampu iling'olewa, kisima kikafunikwa kwa bamba la chuma, chuma kikachomelewa, na jiwe la msingi likabadilishwa. La zamani lilisema kisima hiki kimefunguliwa rasmi. Jipya lilisema kimefungwa rasmi. Waziri akatangaza kwamba serikali yake ni sikivu. Wanakijiji wakapiga makofi, maana walidhani magari ya mabomba yako nyuma ya magari ya bendi.

Nyuma ya magari ya bendi kulikuwa na vumbi.

Sikitu aliposikia alimpigia afisa wa maji. "Na maji mengine je? Bomba liko wapi?"

"Bomba liko ukurasa wa ngapi, dada?" afisa akauliza kwa upole. "Nimeisoma yote. Inasema maji hayafai kunywewa na binadamu, nasi tumehakikisha hayanywewi. Tumetekeleza kila neno kama tulivyoahidi. Hongera sana kwa kuzama."

Akaenda mbio kwa Dakta Kifungu kujiandikisha uzamivu. Dakta alifurahi kumwona. Alimweleza kwamba uzamivu unaanza na Kuzama ya Pili, inayofanyika upande wa kina kirefu wa bwawa, na kwamba upande huo ungali unachimbwa.

Ikwavila walifukua mchanga wa mto mpaka wakafika kwenye mawe. Wakanunua maji kwa mwenye punda, punda akafa. Mtoto wa jirani akaanza kuharisha kwa maji ya dimbwi la ng'ombe, akazikwa Ijumaa. Jumamosi Atupele alichukua mtaimbo wa marehemu mumewe, akaenda kisimani mchana kweupe, akalipiga lile bamba la chuma hadi likaachia upande mmoja, akashusha ndoo kwa kamba. Wanawake wengine walijipanga nyuma yake na madumu. Alikuwa wa kwanza kunywa, na alikuwa bado anakunywa polisi walipofika.

Shitaka lilisomwa hivi: kunywa kinyume cha tasnifu iliyopitishwa.

*

Mahakama ya wilaya ilijaa mpaka madirishani. Atupele alisimama kizimbani, Tusa akiwa mgongoni kwake kwa kanga, ingawa umri wa kubebwa ulikuwa umempita. Kutembea kwa muda mrefu kulikuwa kumeanza kumuuma. Kielelezo cha upande wa mashtaka kilikuwa kimoja tu, kimejalidiwa vizuri, pambizo zimenyooka.

"Mwenye tasnifu yupo?" hakimu akauliza.

"Nipo, mheshimiwa," akasema Sikitu.

"Wewe ni nani kwa mshtakiwa?"

"Ni dada yangu, tumbo moja."

"Pole. Sasa nisikilize. Tasnifu iliyovunjwa kwa makusudi sharti itetewe upya na aliyeiandika. Ukiitetea, inasimama, na mshtakiwa ataingia jela miaka mitano, na kisima kitachomelewa vizuri zaidi. Usipoitetea, imeanguka. Ikianguka, haijawahi kuwepo, mshtakiwa hajavunja kitu, na maji yale ni salama tangu siku yalipozinduliwa. Unaitetea?"

"Mheshimiwa, naomba niseme. Maji yale ni sumu. Yanapinda watoto. Na dada yangu hana kosa, alikuwa na kiu."

Hakimu akatikisa kichwa. "Hayo ni mambo mawili. Mahakama inapokea moja."

"Lakini yote mawili ni kweli!"

"Binti, wewe ni msomi. Unajua kwamba kweli inatoka Chuo Kikuu. Hapa kinatoka kifungo. Unaitetea au huitetei?"

Sikitu akageuka kumtazama dada yake. Midomo ya Atupele ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Hakuwa anaomba chochote. Alikuwa anamtazama mdogo wake kama alivyomtazama zamani akimpeleka shule ya bweni, kwa fahari, na hilo ndilo lililomchoma zaidi kuliko kama angelia.

"Sema unachokijua, mdogo wangu," Atupele akasema. "Nimekusomesha ili useme."

Sikitu alijua anachokijua. Alijua kiasi cha floraidi kwa kila lita. Aliijua miguu iliyokuwa mgongoni pale, aliishika ingali imenyooka, akaahidi. Hasira ilimpanda. Hakuwa amekasirikia hakimu tu, wala Dakta Kifungu tu. Alijikasirikia yeye, na ule mkono wake uliochana karatasi.

"Siitetei," akasema.

"Kwa sauti, mwandishi wa mahakama asikie."

"Siitetei! Maji ni mazuri. Mwacheni dada yangu."

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Watu walimbeba Sikitu juu juu mpaka nje, wakimwimbia kwamba ameikomboa Ikwavila. Shahada yake ilifutwa kabla hawajafika getini. Profesa Mwailunda, aliyesafiri siku nzima kuja kusikiliza, alikuwa amesimama karibu na lango, kiganja mdomoni. Hakuwa anacheka wala kupiga miayo.

Kisima kilifunguliwa wiki ileile, na sherehe ikafanyika. Waziri hakuja, akatuma hotuba. Wazee wakaamua kwamba kikombe cha kwanza ni cha mgeni wa heshima, kwa kuwa ndiye aliyewarudishia maji. Wakamweka Sikitu kwenye kiti kivulini, wakauliza nani ampelekee, na Tusa akasema ni yeye, kwa kuwa ni mama yake mdogo.

Alikuja polepole, akiyumba, ameshika kikombe kwa mikono miwili, ulimi umetoka kidogo kwa uangalifu, asimwage. Alipofika akapiga goti kama alivyofundishwa, ingawa kupiga goti kulimchukua muda.

"Karibu maji, mama mdogo."

Kijiji kizima kilikuwa kinatazama. Sikitu akapokea kwa mikono miwili. Yalikuwa baridi, maangavu, matamu. Akanywa yote.

"Asante, mwanangu," akasema.

Tusa akachukua kikombe, akarudi kisimani kujichotea chake.